Kuvua manda na mbowa Moero mwishoni mwa kiangazi, na kufikisha samaki Lubumbashi akiwa hajaharibika

Anayepanga kwenda kuvua Moero, ziwa lililo kati ya Kongo na Zambia, kwa mara ya kwanza hukimbilia kununua ndoano. Ndoano ni rahisi. Kinachoharibu safari hii ni barafu na upepo. Samaki wanapatikana, lakini kati yao na sufuria ya nyumbani kuna kilomita mia tatu na hamsini za barabara, vumbi na jua la Septemba. Kwa hiyo hesabu kuanzia mwisho: utarudi na kilo ngapi, zitakaa siku ngapi kwenye kasha la barafu, zinahitaji barafu kiasi gani. Ukishapata jibu hilo, idadi ya watu, ukubwa wa gari na siku za kukaa ziwani zinajipanga zenyewe.

Samaki wawili ndio wa kuwawinda. Wa kwanza ni manda, yule wa meno marefu yanayoonekana hata akifunga mdomo, mwenye mistari myeusi ubavuni na mapezi yenye wekundu. Anawinda juu na katikati ya maji, akifuata makundi ya chisense, samaki wadogo kama dagaa. Wa pili anakaa chini kabisa: mbowa, na jamaa yake monde, samaki wasio na magamba, wenye masharubu, wanaopapasa matope kutafuta minyoo na wadudu. Hawa wawili wanataka zana tofauti, saa tofauti na subira tofauti. Ukibeba zana za mmoja tu, siku ya upepo utakaa ufukweni ukitazama maji.

Wakati wa kwenda

Mwisho wa Agosti hadi katikati ya Oktoba. Juni na Julai maji yamepoa na manda anakula kidogo. Joto likirudi Septemba, naye anaamka. Kina cha ziwa hufika juu kabisa karibu na Mei, kisha hushuka polepole hadi Januari, kama mita moja na nusu au zaidi kidogo. Kwa hiyo Septemba maji yameondoka kwenye nyasi na mabwawa ya kando, na samaki wadogo hawana tena pa kujificha. Manda anawasubiri kwenye midomo ya mito na kwenye ncha za mawe.

Usichelewe hadi Novemba. Mvua za kwanza huja na dhoruba za ghafla, barabara inaanza kulainika, na manda majike wanaanza kujaa mayai. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Upande wetu wa Kongo pia kuna kufunga wakati wa mvua, na tarehe hutangazwa na jimbo. Waulize watu wa idara ya uvuvi kabla ya kuondoka, na uchukue kibali cha kuvua huku huku Lubumbashi. Kukitafuta ufukweni kunakula nusu siku nzuri.

Angalia pia mwezi. Wavuvi wa chisense wanatumia taa usiku, na mwezi mpevu unaiua nguvu ya taa. Wiki hiyo wengi wanapumzika. Maana yake kwako ni moja: asubuhi hutapata chisense wabichi wa kutumia kama chambo. Panga safari iangukie siku za giza, au beba chambo chako mwenyewe.

Hesabu ya barafu

Usiamini maneno ya muuza kasha. Lipime. Wiki moja kabla ya safari, weka kilo 10 za barafu ndani, funga, acha kivulini saa 24, kisha mwaga maji yaliyoyeyuka na uyapime kwa chupa. Lita moja ya maji ni kilo moja ya barafu iliyopotea. Rudia siku ambayo jua ni kali.

Tuseme una makasha mawili ya lita 80, na kila moja linapoteza kilo 3 kwa siku. Safari ni siku 5: moja ya kwenda, tatu za kuvua, moja ya kurudi. Hapo barafu inayoliwa na joto tu ni 3 × 2 × 5, yaani kilo 30. Kisha kuna samaki wenyewe. Samaki anatoka majini akiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, na kumshusha hadi sifuri kunahitaji karibu gramu 300 za barafu kwa kila kilo yake. Kwa kilo 40 za samaki ni kilo 12. Jumla 42. Ongeza 8 za tahadhari, kwa sababu gari linaweza kuharibika. Kilo 50.

Namna nzuri ya kubeba kilo 50 ni bidoni (madumu) za lita 5. Jaza kila moja lita 4 na nusu tu: maji yakiganda yanapanuka karibu sehemu moja ya kumi na moja, na bidoni iliyojaa itapasuka. Bidoni kumi na moja zinatosha. Barafu ya kipande kikubwa inayeyuka polepole kuliko ya vipande vidogo, na ikiyeyuka ni maji ya kunywa, ilimradi ulijaza maji safi. Lakini bidoni haimgusi samaki vizuri, kwa hiyo bidoni nne kati ya hizo zibadilishe na barafu ya mifuko, utakayoipasua kwa nyundo siku ya kuvua.

Anza kugandisha siku tano kabla. Kongelo (friji ya kugandisha) la nyumbani likijazwa bidoni kumi za maji ya moto wa mchana kwa mara moja, halitagandisha hata moja hadi katikati, na umeme ukikatika usiku huo umepoteza kila kitu. Weka mbili au tatu kila jioni, zilizogandisha zisukume chini. Usiku wa kuondoka, weka bidoni moja ndani ya kila kasha ili kuta zenyewe zipoe. Kasha lililoshinda uani kwenye jua linakula kilo kadhaa za barafu kabla hujatoka mjini.

Kasha moja ni la akiba na halifunguliwi hadi siku ya tatu. Andika juu yake kwa rangi kama hamuaminiani. Vinywaji viwe na kisanduku chao kidogo. Kifuniko kinachofunguliwa kila nusu saa kutafuta soda kinamaliza barafu kuliko jua.

Barabara

Kasenga iko kama kilomita 200 kutoka Lubumbashi, juu ya mto Luapula. Ndipo lilipokuwa soko kuu la samaki wa Lubumbashi tangu zamani za wafanyabiashara Wagiriki waliokuwa wakileta samaki kwa malori, juu ya barafu. Kilwa, kwenye ziwa lenyewe, iko karibu kilomita 350. Kwa siku tatu za uvuvi tunashauri Kilwa. Kasenga ni nzuri kwa mwenye siku mbili tu: kutoka hapo mto unapitika kwa bwato (boti) hadi ziwani, lakini umbali unakula esanse (petroli) nyingi.

Kwa gari la mazutu (dizeli) linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lililobeba watu wanne na mizigo kwenye barabara ya udongo, hesabu lita 15 kwa kilomita 100. Kwenda na kurudi Kilwa ni lita 105, beba 130. Matairi ya akiba mawili. Kichujio cha hewa kipigwe vumbi mkifika, maana vumbi la Septemba linakiziba na gari linaanza kunywa mazutu zaidi. Ondokeni saa kumi alfajiri, mfike mchana. Usiku barabarani kuna malori yasiyo na taa, na baiskeli zilizobeba makala (makaa).

Kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi. Wageni wawe na pasipoti na kibali cha kukaa. Huu ni mpaka. Mto Luapula na ziwa tunagawana na Zambia, na kisiwa cha Kilwa, ingawa kinabeba jina moja na mji, ni ardhi ya Zambia. Usishuke hapo kupika bukari (ugali). Simu nazo zinavuka mpaka bila kukuuliza: karibu na maji zinashika mnara wa ng'ambo na kumaliza salio. Chagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio ya simu kabla ya kufika.

Bwato na upepo

Kodi bwato la mbao lenye mota ya nguvu za farasi 15, pamoja na mwendeshaji wa hapo hapo. Mwendeshaji si wa kubania bei: anajua mawe, anajua nyavu za watu zimetegwa wapi, na anajulikana na walinzi wa maji. Msalimie vizuri, mwite kwa heshima yake, papa (baba) au yaya (kaka) kulingana na umri, na mkubaliane bei ya siku nzima mkiwa bado nchi kavu: nani ananunua esanse, nani anamlisha, samaki wangapi ni wake.

Mota ya aina ya kuchanganya mafuta, ikikimbizwa kwa nguvu zote, inakunywa lita 6 hadi 7 kwa saa. Kwa mwendo wa kuvutia chambo ni chini sana ya hapo. Mchanganyiko wa kawaida ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za esanse, yaani mililita 20 kwa kila lita, isipokuwa mota ina maandishi mengine. Gawa esanse sehemu tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Chuja kila bidoni kwa kitambaa safi. Mota nyingi zinazozimika katikati ya ziwa zimezimwa na maji au uchafu ndani ya esanse. Beba plagi moja mpya, ufunguo wake, na kamba ya kuvutia ya akiba.

Sasa upepo, na hapa tunaomba usikilizwe. Wakati wa kiangazi unavuma kutoka kusini-mashariki. Asubuhi ziwa ni kioo. Kuanzia saa nne au tano upepo unaamka, na saa nane unaweza kuwa na mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana bila nafasi. Sehemu ya kusini ya ziwa ina kina kidogo, mita chache tu, na maji ya kina kidogo hayajui kutengeneza wimbi refu la kupanda na kushuka nalo. Yanapiga bwato kama ngumi. Ufuko wa Kilwa uko upande unaopokea upepo huo. Kuna faida moja: mota ikifa, utasukumwa kurudi nyumbani. Hasara ni kwamba mahali pa kutua panakuwa ndipo penye mawimbi makubwa kuliko yote.

Basi toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, urudi kabla ya saa tano. Rudi tena majini saa kumi jioni kama upepo umelala, na usiende mbali. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, limevaliwa, si limekaliwa. Dalili ya kurudi ni mstari mweusi juu ya maji upande wa kusini-mashariki. Ukiuona, una dakika chache, kwa hiyo usimalize kwanza samaki uliyemshika. Oktoba ongeza dalili nyingine: wingu refu lenye kitako cheusi, na hewa iliyonyamaza ghafla.

Mtoni na kwenye midomo ya mito kuna viboko na mamba. Kiboko akishtuka anakimbilia kwenye kina, kwa hiyo usikae kati yake na kina. Pita polepole ukigonga ubavu wa bwato ili ajue upo. Samaki asisafishwe mahali mnapochotea maji, wala mahali pamoja siku mbili mfululizo. Mamba anajifunza.

Kuvua manda

Mdomo wa manda ni mfupa. Ndiyo sababu watu wengi wanampata na wachache wanamtoa: ndoano inagonga mfupa, haiingii, anaruka mara moja hewani, anatikisa kichwa na kwaheri. Tarajia kupoteza wengi. Anayeokoa nusu ya waliouma amefanya kazi nzuri.

Fimbo iwe ngumu kidogo, ya mita 2, mulineti (gurudumu la kukunjia uzi) yenye mita 150 za uzi unaohimili kilo 10 hadi 15. Mbele ya uzi lazima kuwe na waya, la sivyo meno yanakata kama wembe. Kata sentimita 40 za waya laini wa nyuzi nyingi. Pitisha ncha kwenye jicho la ndoano, irudishe, izungushe juu ya waya wenyewe mara saba kwa kubana, kisha ibane kwa kibomba kidogo cha shaba na pinsi (koleo). Upande wa pili fanya hivyo hivyo kwenye kiungo cha kuzunguka, kinachozuia uzi usijisokote. Vuta kwa nguvu zako zote kabla ya kuamini. Usipopata waya wa duka, nyuzi tatu zilizofumuliwa kutoka kebo mpya ya freni ya baiskeli na kusokotwa pamoja zinafanya kazi, ila zinapata kutu na kukunjika. Badilisha kila siku, na waya wowote uliopata mkunjo utupe, maana hapo ndipo utakatikia.

Ndoano namba 3/0 hadi 5/0. Inoe. Jaribu kwa kuiburuta juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza haijanolewa, ikikwaruza na kusimama iko tayari. Noa tena baada ya kila manda, kwa sababu mfupa wake unapinda ncha kiasi ambacho jicho halioni.

Chambo bandia kizuri ni kile cha bati la fedha kinachocheza kama chisense aliyejeruhiwa, gramu 10 hadi 20. Kivute mita 25 nyuma ya bwato kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, ukifuata ukingo ambapo maji ya mto ya rangi ya udongo yanakutana na maji safi, au ukizunguka ncha za mawe upande wa magharibi ambako milima inakaribia ziwa. Ukiona ndege wanatumbukia majini mahali pamoja, zima mota mbali, sogea kwa kasia, tupa kando ya kundi. Ukipita katikati unawazamisha wote.

Akiuma, usimwachie ameze. Vuta kwa nguvu mara mbili, moja kwa moja, uzi ukiwa umekazwa. Akiruka, shusha ncha ya fimbo karibu na maji ili uzito wake usipasue ndoano, kisha kaza mara tu anapogusa maji. Uzi ukilegea kwa pumzi moja, hayupo tena. Akifika bwatoni mshike kwa wavu wa mkono na umtoe ndoano kwa pinsi ndefu. Vidole visikaribie hata akionekana amekufa.

Kuvua mbowa na monde

Hawa ni wa saa za mwisho wa jioni, na wa asubuhi ambayo manda hawali. Tia nanga mahali penye tope laini karibu na mdomo wa mto, kina cha mita 3 hadi 8. Chubwi ya gramu 60 yenye tundu ipite juu ya uzi bila kufungwa, ili samaki akivuta asiusikie uzito wake. Chini yake kiungo cha kuzunguka, kisha sentimita 50 za uzi mnene na ndoano namba 1 hadi 2/0. Waya hauhitajiki. Minyoo ya udongo mweusi, mingi, hadi ndoano isionekane. Monde anapokea pia kipande cha chisense. Hapa usivute kwa haraka. Mguso wa kwanza ni masharubu tu. Subiri uzi utembee polepole upande mmoja, ndipo unyanyue.

Miba yao ya mgongoni na ya mapezi ya kando inasimama na kujifunga. Ukichomwa, kidonda kinavimba na kuuma siku nzima. Mshike kwa kuweka kiganja nyuma ya miba ya kando, au kata miba kwa pinsi akiwa bado kwenye wavu.

Kutoka majini hadi kwenye barafu

Samaki wa siku ya kwanza ni wa kuliwa kambini, na bukari. Manda wa siku hiyo wasio na kidonda warudishwe. Barafu ni ya siku ya pili na ya tatu. Usichukue zaidi ya ulichopigia hesabu: samaki wa ziada hawakai juu ya barafu, wanaimaliza na kuoza pamoja na wengine. Ziwa hili limeshaonja kuchukua bila kipimo. Samaki mpumbu waliokuwa wakipanda Luapula kwa makundi kutaga mvua zikianza, waliangushwa na nyavu miaka ya 1940, na wingi ule haukurudi.

Kwa kila samaki wa kubeba: mpige kichwani afe mara moja, kata matamvua pande zote mbili, mwache atoe damu ndani ya ndoo ya maji kwa dakika tano. Toa matumbo yote, na ule mstari mweusi wa damu chini ya uti wa mgongo ukwangue kwa kijiko. Ndio unaoanza kunuka. Suuza. Jaza tumbo barafu iliyopasuliwa. Chini ya kasha tandika barafu unene wa vidole vinne, panga samaki tumbo likitazama chini, funika kwa barafu, panga tena. Hakuna samaki anayegusana na mwenzake wala na ukuta. Acha tundu la maji wazi kidogo na kasha limeinama upande huo. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka analainika na kupoteza ladha.

Barabarani, funika makasha kwa blanketi zito lililolowa, juu yake bashi (turubai) jeupe, na usiyapange juu ya sehemu ya bomba la moshi. Mkisimama njiani, egesha kivulini na uguse maji yanayotoka kwenye tundu. Yakiwa baridi ya kuuma vidole, endelea. Yakiwa vuguvugu, fungua kasha la akiba saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo beba na kilo 14 za chumvi, hata kama unaamini barafu yako. Gari likilala njiani, pasua samaki mgongoni wafunguke kama kitabu, chanja nyama kila sentimita mbili, sugua kilo 1 ya chumvi kwa kila kilo 3 za samaki, wapange kwenye beseni ngozi chini, na uweke jiwe juu. Asubuhi watakuwa wametoa maji yao. Yamwage maji hayo, watundike samaki penye upepo. Watakapofika Lubumbashi hawatakuwa wabichi tena, lakini wakilowekwa usiku mmoja na kupikwa na nyanya na sombe (kisamvu), watalika na kumalizika.